PHP imekufa, dizaini ya kizamani, tovuti inagoma: nimsikilize nani?

Swali: Shikamoo dada. Niko Buzuruga, nimejifundisha mwenyewe kutengeneza tovuti karibu miaka miwili sasa. Nimemtengenezea mama mmoja wa Mwaloni Kirumba anayeuza dagaa wa jumla, mtu anaona bei ya leo, anajaza fomu ya oda, anapigiwa simu. Nimetumia PHP upande wa seva, MySQL kuhifadhi oda, na jQuery ya kurahisisha JavaScript kwenye menyu na fomu. Sasa lawama zimenizidi. Jamaa mmoja divelopa kaja likizo kutoka Dar, kaangalia akacheka, anasema PHP ilishakufa na jQuery ndo usiseme, nifute yote nianze upya na React, ile maktaba ya JavaScript inayochora ukurasa ndani ya brauza. Binti wa mteja anasema tovuti ni ya kizamani, anataka picha zinazojizungusha juu kama za mahoteli. Alafu kuna mzee mmoja mnunuzi wa Kahama, yeye kamwambia mama "hiyo kitu yenu inagoma", basi, akaendelea kuagiza kwa simu. Nimekutumia linki na faili zangu zote. Nimsikilize nani? Kusema kweli nimevunjika moyo.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Pole, najua inavyouma mtu akicheka kazi uliyoikeshea. Faili zako nimezisoma zote juzi usiku, na jana asubuhi nikashuka Mwaloni na simu ndogo ya itel ya mtoto wa dada yangu, hii yangu nikaiacha nyumbani makusudi, nikaweka bando la kawaida nikaifungua tovuti pale pale katikati ya magunia, jua limeshaanza kuchoma. Kwahiyo mengi ya hapa chini nimeyaona kwa macho.

Nianze na yule uliyemtaja kwa mstari mmoja tu, mzee wa Kahama. Kati ya wote watatu ni yeye peke yake aliyeingia kwenye tovuti ile akiwa na hela anataka dagaa. Jamaa wa Dar aliingia kuangalia umeandika na nini, binti aliingia kuangalia inavyoonekana, mzee aliingia kununua. Ndo maana lawama yake haina ufundi wowote, "inagoma", hajui kueleza zaidi ya hapo, na watu wa namna hiyo hawalalamiki mara mbili, wanarudi kwenye simu kama alivyofanya na we unabaki hujui umempoteza. Ukimpata mtu kama huyo usimuulize ya kitaalamu, muulize tu ulikuwa unafanya nini, ulibonyeza wapi, uliona nini, alafu nenda ukafanye vilevile.

Nikafanya vilevile. Ukurasa wa kwanza ulichelewa mpaka nikageuka kuongea na mtu, kumbe ile picha ya lundo la dagaa uliyopiga kwa simu umeipandisha ilivyo, MB 4 na ushee, na simu inaivuta yote ili ije ionyeshe kitu cha upana wa vidole vitatu. Nikasema labda ndo hilo. Ila ikafunguka mwishowe, nikajaza fomu kwa jina langu, ikaenda, ikaandika asante oda imepokelewa. Nikajaza tena, ikaenda. Nilikuwa nishaanza kuondoka nikarudi kwa mama nikamuuliza, hivi huyu mzee wa Kahama anaitwa nani? Akanitajia. Jina lake linaanza na Ng'. Hapo hapo nikajua. Nikaandika Ng'wana na herufi nyingine chache mbele yake, nikabonyeza Tuma, brauza ikaleta ukurasa mtupu wenye namba 500, yaani seva imekwama.

Angalia mstari huu, ni wa kwako:

INSERT INTO oda (jina, simu, kiasi) VALUES ('$jina', '$simu', '$kiasi')

Umechukua alichoandika mtu kwenye fomu ukakigandisha moja kwa moja ndani ya amri ya databesi, na kuzunguka jina umeweka vile vialama vya kufungua na kufunga. Sasa jina lenye Ng' linakuja na kialama chake mwenyewe, databesi ikikiona inadhani jina limeishia kwenye Ng, yanayobaki inayasoma kama amri, haiyaelewi, inakataa. We ulijaribu na jina lako halina Ng', mi pia, tukaona ni nzima. Na hapa ni Usukumani, mdogo wangu, majina ya Ng' yamejaa kuanzia Magu mpaka Shinyanga, yaani umejenga duka ambalo sehemu ya wateja wa kwenu hawawezi kuandika majina yao. Afadhali hata unatumia PHP mpya, maana kuanzia 8.1 ya mwaka 2021 mysqli, kile kiunganishi cha PHP na databesi, ikikwama inapiga kelele na ukurasa unakufa ukaonekana, zamani ingenyamaza tu, oda inapotea na mteja anaambiwa asante.

Na kuna baya zaidi. Kama kialama cha mzee kinaweza kuvunja amri yako bila yeye kutaka, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika kwenye kisanduku cha jina maneno yaliyopangwa, akasoma namba za simu za wateja wote wa mama au akazibadilisha. Mashambulizi ya namna hii yanajulikana tangu miaka ya tisini mwishoni na dawa yake ni ya zamani pia, PDO, njia ya PHP ya kuongea na databesi, imekuja na PHP 5.1 mwaka 2005. Unaandika amri na kuacha nafasi, prepare, alafu unakabidhi majina pembeni, execute, databesi inajua hili ni jina tu hata liwe na alama gani. Una sehemu nne za kurekebisha, nimezihesabu, ni kazi ya jioni moja. Ifanye leo kabla hujamaliza hata kunisoma.

Sasa tuje kwa jamaa wa Dar. Kosa kubwa kuliko yote kwenye kazi yako yeye hakuliona, kwa sababu alilaumu lugha na hakufungua faili. Na ukifuta yote ukaandika na Node nyuma, yaani JavaScript ya upande wa seva, na React mbele, alafu ukagandisha jina kwenye amri vilevile, mzee wa Kahama atagomewa vilevile. Kwahiyo lawama yoyote ya chombo we iulize vitu viwili: inamuumiza nani hapa kwenye kazi hii, na inasema habari ya mwaka gani.

Hilo la mwaka lina uzito sana kwa PHP. Rasmus Lerdorf aliianza 1994 kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, haikupangwa iwe lugha kubwa, na waliokuwa wanaitukana miaka ile walikuwa na haki kabisa. Kulikuwa na kitu kinaitwa register_globals, mtu akiandika neno kwenye anwani ya ukurasa linageuka kuwa thamani ndani ya programu yako bila we kuomba, hatari tupu. Kilizimwa kama chaguo la kawaida 2002, kikaondolewa moja kwa moja kwenye 5.4 mwaka 2012. Zile mysql_query za zamani za kuiita databesi, ambazo watu wengi tulijifunzia, ziliondolewa na PHP 7 Desemba 2015. Alafu kulikuwa na ile ya kulinganisha, ukiiuliza PHP kama 0 ni sawa na neno "dagaa" inakujibu ndio ni sawa, watu waliicheka miaka na miaka, na ikarekebishwa kwenye PHP 8 mwishoni mwa 2020. Unaona hapo, yale yote waliyoyalalamikia yalikuwa kweli, na kwa sababu yalisemwa kwa kutaja kitu chenyewe, yakatengenezwa. Mtu akikwambia PHP mbovu, mwombe akutajie kimoja, alafu angalia toleo lako kama bado kinacho. Akishindwa kutaja basi anakupa sifa ya mtaani tu.

Na kufa haijafa. WordPress imeandikwa kwa PHP na inabeba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, Wikipedia inaendeshwa na programu ya PHP. Ila usije ukajificha nyuma ya hizo namba, maana nshaona watu wanafanya hivo. Kuna msemo wa Bjarne Stroustrup, yule aliyetengeneza C++, kwamba lugha ziko za aina mbili tu, zile ambazo watu huzilalamikia na zile ambazo hakuna anayezitumia. Watu wanaupenda sana, mtu akilaumu lugha yao wanautoa kama ngao, na mi naona wanautumia vibaya. Chombo kutumika na wengi hakuondoi ubaya uliomo. Mistari yako ile ilikuwa inafanana na maelfu ya mafunzo ya PHP ya zamani ambayo bado yanasomwa mpaka leo, na hilo ni tatizo halisi la PHP, inakuruhusu kuandika vibaya kirahisi na mafunzo mabaya yamejaa. Kama jamaa angesema hivo ningempa haki yake yote.

Kwenye jQuery nampa nusu. Ilitoka 2006 wakati kila brauza ilikuwa na tabia yake na Internet Explorer inatesa watu, jQuery ikawa inasawazisha. Siku hizi brauza zenyewe zinaelewana, fetch ya kutuma na kuleta data ipo, querySelector ya kutafuta kitu kwenye ukurasa ipo. Kwako unaitumia kufungua na kufunga menyu na kutuma fomu, basi, mistari kumi na tano hivi ya JavaScript ya kawaida inatosha ukaachana nayo. Lakini uzito wake ikishaminywa ni kama KB 30, na picha yako moja ya dagaa ni MB 4, kwahiyo ukianza kuhangaika na jQuery kabla ya picha unakuwa umeanzia kwenye unyoya umeacha gunia.

React siichukii, naitumia. Ilitolewa hadharani na Facebook Mei 2013 na watu waliipinga vibaya mno mwanzoni, wanasema inachanganya HTML ndani ya JavaScript, mwiko mkubwa wa wakati ule. Lile pingamizi lilikuwa la mazoea, likayeyuka watu walipoijaribu kwenye kazi yenyewe. Nakutajia hili ili usidhani namtetea PHP kwa sababu ni ya kwangu, lawama ya mazoea ni dhaifu hata ikiwa inakipiga kitu kigeni. React ilizaliwa kwa shida ya kurasa zenye vitu vingi vinavyobadilika kwa wakati mmoja, taarifa, meseji, hesabu zinazopanda na kushuka. Tovuti ya mama ina bei sita zinazobadilishwa asubuhi mara moja, na fomu moja. Ukiijenga kwa React kama wanavyofundisha wanaoanza, simu inapokea kwanza ukurasa mtupu, inavuta faili za JavaScript, inazisoma, inaziendesha, ndo bei zinaonekana, na ile itel ya jana ndo sehemu inayochoka kabisa. PHP inaleta bei zimeshaandikwa. Inawezekana kuifanya React iandike kurasa kule kwenye seva, ndio, ila hapo unatafuta seva inayokubali Node, na ile hostingi ya bei ndogo uliyomlipia mama inakubali PHP. Na siku ukipata kazi ukahama, pale mjini Mwanza mama atampata mtu wa PHP haraka kuliko wa Node.

Ila kuna sehemu jamaa yuko sahihi hata kama hakuisema. Ukitaka ajira kwenye makampuni, React itakusaidia sana. Jifunze. Jifunze usiku kwa kazi yako mwenyewe, usijifunzie kwa hela na wateja wa mama.

Na usimpuuze eti kwa sababu alicheka, au kwa sababu anatetea alichokizoea. Aprili 2010 Steve Jobs, bosi wa Apple, aliandika barua ya wazi kuilaumu Flash, programu ya Adobe iliyokuwa ikionyesha video na michezo kwenye tovuti, inakula betri, ina mashimo ya usalama, haifai kwa kidole kwenye skrini. Apple walikuwa na maslahi yao kabisa, wanataka watu watengeneze aplikesheni za kwao. Bado aliyoyasema yalikuwa kweli, na Adobe wenyewe wakaifunga Flash tarehe 31 Desemba 2020. Upande wa pili kuna Ryan Dahl, mwenyewe aliyetengeneza Node, 2018 alisimama mbele ya watu akataja mambo kumi anayojutia kwenye Node, pamoja na lile folda la node_modules linalojaa maktaba za watu wengine. Huyo alikuwa anaukosoa uzao wake. Kwahiyo ukimpima mtu tu utakosea, pima alichokitaja.

Neno moja linaloniogopesha kwenye maneno ya jamaa ni "nianze upya". Netscape walikuwa wakubwa wa brauza, toleo la 4 likatoka 1997, wakaamua kuandika upya, la 5 halikutoka kabisa, la 6 likaja mwishoni mwa 2000, kufika hapo Internet Explorer ya Microsoft imeshawachukulia watu. Na mi mwenyewe limeshanikuta. Miaka ya nyuma nilikuwa natunza ukurasa wa ratiba za boti kwa watu fulani wa usafiri hapa ziwani, bosi akaambiwa na mtu ukurasa ni mbaya, mi nikakasirika nikaufuta nikaandika wote upya kwa fremuweki mpya, miezi mitatu. Siku ya kuuwasha, linki ambayo abiria wa Nansio walikuwa wameihifadhi kwenye simu zao ikafa, watu wakaenda bandarini saa ya zamani wakakuta boti limeondoka. Alafu nikaja kugundua yule aliyelalamika alikuwa anatafuta namba ya simu haioni, ilikuwa chini kabisa ya ukurasa. Yule mama aliyeachwa na boti akiwa na mtoto mgonjwa sijamsahau. Tangu hapo mtu akilaumu kazi yangu huwa naomba tukae naye, afungue mbele yangu, anionyeshe kidole kilipokwama.

Haya, binti. "Ya kizamani" ni neno la ladha, na wengi wetu tukilisikia tunanuna. We mchimbe kidogo. Kwa sababu fikiria, mtu yuko Kahama, anatuma hela ya magunia kumi kwa mtu hajawahi kumuona, kitu pekee alichonacho ni ukurasa huu. Kama ukurasa unafanana na wa matapeli hatatuma. Inawezekana kabisa binti anaposema kizamani anahisi hicho, hauaminiki, na hapo ni lawama nzito ya biashara. Picha zinazojizungusha ni dawa aliyoijua tu, ameiona kwenye mahoteli. Chukua ugonjwa anaousema, dawa uitafute mwenyewe. Slaida itakuongezea picha nne au tano za MB, na nyingi zinazunguka kabla mtu hajasoma, na zile bei za leo zinasukumwa chini asikozifikia. Mi ningeweka picha moja tu, tulivu, ya dagaa wakiwa juu ya chanja. Nyie mnaokula tu hamjui, mnunuzi wa jumla anaogopa michanga kuliko kitu chochote, dagaa waliokaushwa chini kwenye mchanga anawakimbia, na mama huyu anakausha kwenye chanja, nimeziona, zimejipanga vizuri kabisa. Picha ile inamwambia mnunuzi anachotaka kujua. Ipunguze upana uwe pikseli 1000 hivi, iminye iwe chini ya KB 150, na juu yake weka jina la mama, kibanda kilipo, na namba ya simu ya kubonyeza ikapiga. Kaa na binti, mwonyeshe, muulize, hapa we ungetuma hela?

Kuna jambo jingine hakuna aliyekuambia, na hili nimelipata kwa kusimama juani. Bei umeziandika kwa kijivu, #999 juu ya nyeupe. Kwenye kompyuta ndani ya chumba inapendeza, najua umeiga kwa wakubwa. Pale Mwaloni kuna dada nilimpa simu nikamwambia nisomee bei ya leo, akaiinamisha, akaiweka kivulini kwa kiganja, akaisogeza karibu na jicho, mwisho akanirudishia akasema hakuna kitu. Zilikuwepo. Ule mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazosomeka na wote, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na nyuma yake angalau 4.5 kwa 1, ya kwako ni 2.85. Weka nyeusi, au kijivu cha #555 ukipenda sana kijivu. Na kile kitufe cha Tuma kiongeze, Google wanashauri sehemu ya kugusa isipungue pikseli 48 hivi kila upande, cha kwako ni kama nusu, na mtu aliyetoka kushika dagaa kidole chake hakina usahihi wa kwenye kompyuta.

Kwahiyo ratiba yangu ingekuwa hivi, leo zile amri nne za databesi, kesho picha na rangi ya bei na kitufe, wiki hii kikao na binti, jQuery iondoe ukipata nafasi, PHP iache ilipo. Jamaa wa Dar usigombane naye, mtumie ile faili ya oda ukishaitengeneza, mwambie kaka nisaidie, kuna shimo lingine unaliona humu? Kama anajua kazi atafungua asome, na anaweza akaona kitu mi sijakiona.

Ukimaliza mwambie mama ampigie mzee wa Kahama, amwombe aweke oda moja kwenye tovuti huku wakiwa bado wanaongea, na we kaa pembeni ya simu ikiwa kwenye spika. Usimwelekeze pa kubonyeza. Akinyamaza muda mrefu andika yuko sehemu gani, alafu nitumie hayo uliyoandika pamoja na linki.